Ile Nyekundu ya Mwalimu

Fundi alikuwa na mke mwenza, na mtaa mzima ulijua. Mwenyewe ndiye aliyetangaza, akicheka huku amebana pini mdomoni na mteja amesimama mbele ya kioo mikono juu.

"Mimi nimeolewa uke wenza, dada yangu. Mwenzangu mwekundu, mkubwa sijui kama nini, na kila jioni mume wangu anatoka kwenda kumtazama. Mimi nishone gauni jipya, nijipambe, wala haulizi limetoka wapi."

Wateja wageni walishtuka wakampa pole. Wenyeji walivunjika mbavu, maana walijua kwamba huyo mke mwenza ni nyota.

Mumewe alifundisha chuo kikuu, na watu wote walimwita Mwalimu, hata mkewe. Tangu ujana wake alichagua nyota moja katika zote zilizoko juu akaishikilia: ile nyekundu ambayo miezi fulani ya mwaka, giza likianza kuingia, huonekana juu ya paa la bekari. Aliupima mwanga wake, akafuatilia inavyofifia na kung'aa tena, akaandika makala zilizosomwa na watu wachache waliotawanyika duniani, nao wana wazimu huo huo. Walipokuwa wachumba alimwambia Fundi bila haya, "Hii itakufa. Inaweza kufa kesho, inaweza kufa baada ya miaka laki moja. Ninachoomba ni kwamba iwe nikiwa hai."

Fundi alidhani ni maneno ya kutafuta sifa. Baadaye akaona kwamba mtu huyu hajui kutafuta sifa, ndivyo alivyo.

Na alijua kueleza! Wakiwa mezani alikuwa akimsimulia mkewe habari za nyota jitu kana kwamba anawasengenya majirani. "Jua letu hili ni mtu wa kula kwa kiasi," alikuwa akisema. "Halina haraka, litaishi mabilioni ya miaka. Lakini jitu! Jitu linazaliwa na akiba kubwa mara kumi, mara ishirini, na bado halidumu, kwa sababu linakula kwa pupa. Uzito wake mwenyewe unalikandamiza. Lisipowaka, litajiangukia. Basi linachoma haidrojeni, ikiisha linachoma heli, linavimba, linakuwa jekundu. Heli ikiisha, kaboni. Na kila kipya kinaisha upesi kuliko kilichotangulia. Mwishowe tumboni mwake kinabaki chuma." Hapo aliweka kijiko chini. "Na chuma hakina faida, mke wangu. Ukikichoma hakikupi kitu. Basi lile tumbo linajiangukia ndani, kufumba na kufumbua, na mwili uliobaki unalipuka. Nyota moja inang'aa kuliko zote pamoja. Halafu basi."

Fundi aliyasikia maneno hayo mpaka akaweza kuyasema huku anatia uzi kwenye sindano.

Ugonjwa wa Mwalimu uliingia kwa kunyata. Kwanza alivaa koti ndani nje, wakacheka wote wawili. Kisha akatumwa mkate, akarudi amefuatana na mwenye bekari, ambaye alimkuta amesimama mlangoni pa duka hajui ashike njia ipi, na nyumba yenyewe inaonekana kutoka pale. Chuoni akafundisha somo lile lile wiki nzima. Wanafunzi walikaa kimya kwa heshima, wakaandika upya yale waliyokwisha kuandika, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia. Mkuu wake alipomwita kumwomba apumzike, Mwalimu alimpa mkono akamshukuru, akidhani amepandishwa cheo.

Basi akawa mtu wa kukaa kwenye kiti cha pembeni katika chumba cha kushonea, karibu na dirisha. Fundi alimpa kopo la vifungo avipange kwa rangi. Alipomaliza, Fundi alivichanganya tena huko jikoni, Mwalimu asione. Mwana wao aliyekuwa akiishi mji mwingine alipiga simu kila Jumapili, na Mwalimu aliongea naye kwa adabu kama anavyoongea na mtu wa benki.

Kitu kimoja tu ugonjwa haukukigusa. Jua likizama, Mwalimu alisimama, akashika fimbo, akatoka barazani. Jina la mwanawe lilikuwa limempotea, na jina la Fundi lilikuja na kwenda, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja juu ya paa la bekari. "Ipo," alisema. Akaridhika, akarudi ndani.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Fundi alikuwa anapiga pasi suruali, jua bado kali, mara kinyozi wa duka la mkabala akaingia bila kubisha hodi, kitambaa cha mteja bado kimemning'inia begani.

"Fundi, toka! Toka nje uone kitu!"

"Kuna moto?"

"Moto ungekuwa afadhali. Toka tu, dada!"

Barabarani watu walikuwa wamesimama, magari yamesimama, dereva mmoja ametoa kichwa dirishani na mdomo wazi. Mchana kweupe, katika anga la bluu lisilo na wingu, kulikuwa na nukta nyeupe ikimetameta. Mwanamke mmoja alikuwa anaomba dua kwa sauti. Kinyozi alikuwa anasema ni ndege ya vita.

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Aliangalia paa la bekari, akapandisha macho juu yake, akapima kwa mkono kama alivyozoea kupima urefu wa gauni. Akajisikia akipiga kigelegele, yeye mwenyewe, katikati ya watu walioshikwa na hofu.

"Ni ya Mwalimu!" alisema. "Jamani, ni ile nyekundu ya Mwalimu! Imelipuka!"

Akakimbia ndani. Mwalimu alikuwa anatenga vifungo vya bluu. Akamshika mikono akamnyanyua, vifungo vikamwagika sakafuni.

"Mwalimu, twende! Imelipuka! Umeipata ukiwa hai, mume wangu, umeipata!"

Mwalimu alimfuata akitabasamu, kwa kuwa Fundi alikuwa anatabasamu. Barazani akamgeuza, akamwonyesha. Mwalimu akaangalia. Akaangalia sana, akikunja macho. Tabasamu likaondoka kidogo kidogo.

"Nani ameweka taa pale?"

"Si taa. Ndiyo yenyewe, nyota yako."

"Nyota yangu nyekundu," alisema kwa upole, kama anayemsahihisha mwanafunzi. "Hiyo nyeupe. Yangu iko wapi?"

Fundi akavuta pumzi. Alikuwa amesubiri kumweleza mtu huyu jambo hili maisha yake yote ya ndoa, zamu yake ya kueleza. Akamwambia: akiba imekwisha, kimebaki chuma, tumbo limejiangukia. Aliyasema yote vizuri, kwa maneno yake Mwalimu mwenyewe. Na Mwalimu alielewa. Hilo ndilo lililomuumiza Fundi baadaye kila alipokumbuka, kwamba alielewa.

"Imekufa?" aliuliza.

"Imekufa, Mwalimu. Kama ulivyosema."

Mwalimu akakaa chini, pale pale barazani penye vumbi, akalia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama mtu aliyepokea simu ya msiba, mkono mmoja juu ya goti, kichwa kimeinama, na watu wa mtaa waliokuwa wamesogea kuuliza habari za ile taa wakarudi nyuma mmoja mmoja.

*

Kesho yake dunia nzima ilikuwa inaizungumza. Mtaani uvumi ulikuwa mwingi: mara inakuja kutuangukia, mara imeleta maradhi. Wateja wa Fundi walifika wakiwa na nguo zisizohitaji kushonwa, ili tu waulize. Aliwatuliza wote. Iko mbali mno, aliwaambia, mbali hata mwanga wake umesafiri mamia ya miaka. Ilikufa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, habari ndiyo kwanza imefika. Haitudhuru. Watu walishusha pumzi wakaenda zao. Kinyozi akaanza kuwaeleza wateja wake naye, akatia chumvi kidogo.

Lakini jua lilipozama, Mwalimu alisimama, akashika fimbo, akatoka. Fundi alimsikia barazani.

"Mke wangu! Nyota yangu iko wapi?"

Hakukumbuka. Jana yote ilikuwa imefutika. Fundi alisimama jikoni na mfuniko wa sufuria mkononi, akatambua kilicho mbele yake.

Alimwambia tena. Mwalimu akalia tena, machozi mapya kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. Kwake yeye ndiyo kwanza alikuwa anaambiwa.

Siku ya tatu alijaribu uongo. "Leo kuna mawingu, Mwalimu."

"Mawingu gani? Naona jirani zake wote." Akawanyoshea fimbo, mmoja huko, mmoja huko. "Mawingu yamfunike yeye tu?" Kisha akamtazama kwa wasiwasi, jinsi mtu anavyomtazama tapeli, na usiku ule hakukubali Fundi amvue viatu.

Alijaribu kufunga mlango kabla jua halijazama. Mwalimu aliupiga kwa fimbo mpaka kinyozi akavuka barabara kuuliza kulikoni. Akajaribu kumhamishia chumba cha uani. Mwalimu alitoka akazunguka nyumba peku. Mwana wao aliposikia kwenye simu alisema, "Mama, mwambie tu hakuwahi kuwa na nyota. Atasahau."

"Unataka nimwambie baba yako kwamba hakuwahi kuwa na kitu?"

"Sasa tufanye nini?"

"Nikijua nitakupigia."

*

Mwisho wa wiki ile alikuja Kiroboto. Mwalimu ndiye aliyempa jina hilo alipokuwa mwanafunzi wake, kwa vile aliruka kutoka swali hadi swali bila kupumzika. Sasa alikuwa mkuu wa kituo cha darubini, mama mtu mzima mwenye miwani ya kusomea shingoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nje alikuwa amewaacha vijana wawili wa televisheni. Dunia ilitaka kumsikia mzee aliyeifuatilia nyota hiyo kuliko mtu yeyote.

"Shikamoo, Mama," alimwambia Fundi, akapiga magoti nusu kama zamani alipokuwa anakuja kula kwao. "Najua hali yake. Ila nimeona ni dhambi hii habari ipite bila yeye."

"Marahaba, mwanangu. Ingia umwone."

Fundi alikuwa amemvalisha suti aliyomshonea mwenyewe. Ilimpwaya, akaibana mgongoni kwa pini ambako kamera haitaona. Mwalimu alikuwa amekaa wima, amenyolewa, mtu wa kutazamika.

Kiroboto akachuchumaa mbele yake. "Mwalimu, ni mimi. Kiroboto."

Mwalimu akamtazama kwa heshima. "Karibu, dada. Fundi yupo, atakupima sasa hivi."

Kiroboto aliinuka, akageukia dirisha, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Fundi akampa kitambaa kilichokuwa karibu, kipande cha bitana.

Vijana wakaweka kamera yao. Mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, hebu tueleze, nyota jitu inaishije?"

Na Mwalimu akafumbua mdomo akaanza. Ilikuwa sauti ile ile ya mezani, ile ile ya darasani, haikuyumba. "Jua letu hili ni mtu wa kula kwa kiasi," alisema, na kijana wa kamera akatabasamu. Akaeleza akiba, akaeleza pupa. Mikono yake ikapanda kuonyesha jinsi uzito unavyokandamiza na moto unavyosukuma. Akachoma haidrojeni, akachoma heli, akalivimbisha jitu mpaka likawa jekundu na kubwa kiasi cha kumeza njia ya dunia yetu kulizunguka jua. Kaboni ikaisha. Kiroboto alikuwa ameshika mdomo, machozi yanateremka, anacheka.

"Mwishowe," Mwalimu alisema, "tumboni mwake kinabaki chuma."

Akanyamaza. Wote wakangoja. Zamani alikuwa ananyamaza hapo makusudi.

"Kinabaki chuma," alisema tena. "Na chuma..."

Macho yake yakaanza kutangatanga chumbani, kwenye cherehani, kwenye sura za watu, kama aliyeshuka kituo kisicho chake. "Na chuma..." Vidole vilikuwa bado hewani. Fundi alikuwa na maneno yenyewe kwenye ncha ya ulimi. Angeweza kumnong'oneza: hakina faida, mke wangu, ukikichoma hakikupi kitu. Lakini baada ya hayo yanafuata mengine, na mwisho wa mengine ni kwamba inakufa, naye angelia mbele ya dunia nzima.

Akauma mdomo.

"Jua letu hili," Mwalimu akasema, "ni mtu wa kula kwa kiasi." Akaenda tena mwanzo mpaka mwisho, neno kwa neno, mikono ikipanda pale pale. Akafika kwenye chuma, akakwama. Akaanza tena. Mara hii sauti ilikuwa na woga ndani yake, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Zima," Kiroboto alimwambia kijana. "Nimesema zima hicho kitu!"

Kijana alikuwa ameshazima. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaviringisha waya usiohitaji kuviringishwa.

Fundi alimsindikiza Kiroboto hadi kwenye gari. "Mwanangu," alisema, "darubini zote hizo. Hakuna mnaloweza kufanya?" Alijua ni swali la kipumbavu. Lilimtoka tu.

"Tunaweza kuipima, Mama," Kiroboto alisema. "Kila chombo duniani kimeelekezwa kule sasa hivi, na tunachoweza ni kuipima tu." Akamkumbatia Fundi, na kwa muda hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake.

*

Fundi akaacha kudanganya, akaacha kufunga milango. Kila jioni alitoka na Mwalimu, akakaa naye kwenye benchi, akangoja swali. Likija, alilijibu. Alijifunza kulijibu taratibu, mkono mgongoni mwake, na kumwachia alie mpaka amalize, kisha kumfuta uso kwa maji ya vuguvugu. Wakati mwingine aliulizwa zaidi.

"Ilikufa lini?"

"Zamani sana. Habari ndiyo imefika."

"Mbona hawakuniambia?"

"Wamekuambia, Mwalimu. Ndiyo hivi mimi nakuambia."

Jioni moja alifikiri kidogo kisha akauliza, "Ilikufa peke yake?"

"Hapana. Dunia nzima iliitazama. Magari yalisimama barabarani."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa hapa. Uliiona."

Akamshika mkono kwa nguvu ambazo Fundi alidhani hana tena. "Niliiona? Nilisema nini?"

Fundi akaangalia bekari. "Ulifurahi," alisema. "Ulipiga kelele mpaka majirani wakatoka."

"Ah," Mwalimu alisema. Akafuta macho, na usiku huo alilala vizuri. Basi Fundi akaufanya uongo huo kuwa wa kila siku, wa kumalizia. Kila mara alipousema alijisikia amemwibia mtu kitu, lakini aliusema.

Nyota yenyewe haikukaa. Iliacha kuonekana mchana, halafu ikawa kama nyota nyingine yoyote, halafu ikawa ya kutafutwa. Watu walishaacha kuangalia juu. Kinyozi alikuwa na habari nyingine. Kiroboto alipiga simu kusema kwamba pale mahali wameona kitu kidogo mno kimebaki, kidogo kuliko mji, kizito kuliko jua, kinazunguka kama pia ya mtoto. "Mwambie Mwalimu," alisema. Fundi alisema atamwambia.

Ikaja jioni moja, wakatoka kama kawaida. Mwalimu alikaa, fimbo katikati ya magoti. Akainua uso. Macho yake yakapita juu ya paa la bekari yakaendelea, hayakusimama popote. Fundi alikuwa amejiandaa, mkono tayari mgongoni mwake, jibu tayari. Akangoja. Gari likapita. Mwenye bekari akashusha mlango wa bati.

"Hapa ni kwa nani?" Mwalimu aliuliza.

"Kwetu."

"Pazuri."

Kesho yake hakuuliza, na keshokutwa pia hakuuliza. Fundi, ambaye aliliogopa swali lile kuliko kitu chochote, akaanza kukaa pale kwenye benchi akilitamani. Mwishowe hakuvumilia. Akaanza mwenyewe.

"Mwalimu, kulikuwa na nyota pale. Nyekundu. Ilikuwa jitu, ikawaka mpaka ikajimaliza, ikalipuka. Imekufa."

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, amemgeukia, uso umejaa adabu, kama abiria anayesikiliza shida za mwenzake asiyemfahamu.

"Pole sana, mama," alisema. "Ilikuwa yako?"

"Ya mume wangu."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama huyo mume ameshapewa habari.

"Ameshaambiwa," Fundi alisema. "Mara nyingi."

"Akasemaje?"

Baridi ilikuwa imeanza. Fundi akamfunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akamshika kiwiko, akamwambia twende ndani, na yeye akainuka akafuata, akishukuru kwa kukaribishwa.